Kabla Hujafunga Sanduku la Kurudi Mombasa

Hotuba kwa wastaafu na jamaa zao, Tononoka

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Kina mama mlioketi kule nyuma, tafadhali sogeeni mbele. Nyinyi ndio mtakaozifungua barua hizi siku ambayo mwenyewe hayupo, kwa hiyo maneno ya leo ni yenu kwanza.

Pwani yetu ni ya watu wa vyombo, na wazee walituachia neno: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliondoka Kilindini kijana mbichi, akapanda meli za kigeni, akateremka Hamburg na kufanya kazi ya gatini miaka mingi. Uzeeni akarudi na pensheni yake ya Kijerumani, akajenga Mtwapa. Alipofariki, pensheni ya mjane ikawa inamfikia mkaza mjomba. Siku moja ikaja barua ya Kijerumani kutoka ofisi ya ushuru ya huko. Nyumbani hakuna aliyeweza kuisoma. Ikatiwa ndani ya bati la biskuti, pamoja na hati ya kiwanja na picha za harusi, ikakaa humo.

Ile barua haikudai pesa. Iliuliza maswali tu: unakaa wapi, una mapato gani mengine, jaza hapa, tia sahihi, rudisha kabla ya tarehe fulani. Kwa kuwa hakuna aliyejibu, ofisi ikakadiria yenyewe. Barua ya pili ilikuja na tarakimu, na tarakimu ile ilimfanya bibi wa miaka sabini na kitu ashindwe kula siku mbili.

Hapo ndipo nilipoitwa. Mimi ni mhasibu. Zaidi ya miaka thelathini nimefanya hesabu za makampuni ya mizigo bandarini, na ushuru wa forodha naujua kama njia ya kwetu. Ushuru wa pensheni ya ng'ambo nilianza kuujua siku ile, kwenye meza ya jikoni ya mkaza mjomba. Tulijibu, tukatuma vyeti, tukangoja miezi saba, hesabu ikasahihishwa. Miezi saba ya hofu kwa mjane ni mingi, na yote ilitokana na karatasi iliyolala ndani ya bati.

Tangu hapo majirani wameniletea barua zao, za Uingereza, za Ujerumani, za Marekani. Nimezisoma nyingi, na kila nikizisoma narudi pale pale: makubwa ya ushuru wa pensheni yako huamuliwa ukiwa bado ughaibuni. Ukishateremka uwanja wa ndege wa Moi na watoto wakakupokea na madafu, mengi yameshapita.

Niwaeleze kwa nini. Pensheni ikivuka mpaka, nchi mbili hunyoosha mkono. Nchi uliyofanyia kazi yasema: huyu alichuma kwangu, na miaka yote aliyokuwa akichangia nilimpunguzia ushuru ili nije kumtoza akistaafu. Nchi unayokaa yasema: huyu yuko kwangu, anatumia barabara zangu na hospitali zangu. Kila moja ina hoja. Ndiyo maana serikali huandikiana mikataba ya kuepusha kutozwa ushuru mara mbili. Kenya inayo na Uingereza, Ujerumani, Uswidi, Norwe, Denmaki, Kanada, Ufaransa, India, Zambia, Afrika Kusini, Falme za Kiarabu na nchi nyingine kadhaa. Na Marekani haina, nami nitalirudia hilo.

Mikataba mingi hufuata kielelezo cha shirika la nchi tajiri, OECD. Katika kielelezo hicho, pensheni ya kampuni au kiwanda hutozwa na nchi unayokaa peke yake. Pensheni ya aliyeitumikia serikali, kama askari, polisi au karani wa wizara, hutozwa na serikali inayolipa, isipokuwa mstaafu awe anakaa nchi ile nyingine na pia ni raia wake. Umoja wa Mataifa nao una kielelezo chake, na huko malipo ya uzeeni ya mfuko wa taifa hubaki mikononi mwa nchi inayolipa. Kwa hiyo usiridhike kusikia kwamba mkataba upo. Kila mkataba una maneno yake, na kifungu cha pensheni mara nyingi hakizidi nusu ukurasa. Kisomwe, na kisomwe na mtu anayekijua, kabla tiketi haijakatwa.

Mmesikia hapo neno raia. Watu wa Mombasa tuna sababu ya kulijua neno hilo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mtu aliyefanya kazi ya Reli au Bandari leo Mombasa, kesho Tanga, keshokutwa Kampala, alijikuta mwajiri wake hayupo tena duniani. Mpatanishi Mswisi, Victor Umbricht, aliwekwa kati ya nchi tatu, na mkataba wa kugawana mali na madeni ukatiwa sahihi mwaka 1984. Humo ilikubaliwa kila nchi ilipe pensheni za raia wake. Jasho lilimwagika nchi tatu, lakini mlango wa kugonga ukaamuliwa na pasipoti. Ndivyo ilivyo hadi leo kwa wanaorudi kutoka mbali zaidi, na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Marekani.

Chukueni wauguzi wawili waliofanya kazi hospitali moja kule Texas miaka ile ile kwa mshahara ule ule. Huu ni mfano wangu, msimtafute mtu. Wote wawili wanastahili dola 1,400 kwa mwezi kutoka mfuko wa Social Security. Mmoja alichukua uraia wa Marekani. Mwenzake alibaki na grini kadi, akairudisha alipoamua kuja kukaa Likoni. Huyu wa pili, kwa kuwa si raia wala mkaazi, na kwa kuwa Kenya haina mkataba wa ushuru na Marekani, hukatwa asilimia 30 ya sehemu ya pensheni ambayo ni asilimia 85. Pigeni hesabu nami: asilimia 85 ya 1,400 ni 1,190, asilimia 30 ya hiyo ni dola 357. Anapokea 1,043. Kwa mwaka ameacha dola 4,284, na pesa hiyo hukatwa kabla haijaondoka Marekani.

Yule raia, ikiwa hana mapato mengine, hupokea 1,400 kamili. Sheria yao huchukua nusu ya pensheni ya mwaka na kuijumlisha na mapato mengine. Kwa mtu asiye na mume, jumla isipofika dola 25,000, pensheni ile haitozwi. Nusu ya pensheni yake ni 8,400. Hata karibu hajafika. Ana wajibu wake pia, maana Marekani humfuata raia wake popote alipo. Akiwa na akaunti za benki hapa ambazo jumla yake imepita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, lazima azitangaze kwao, na adhabu ya kunyamaza ni kali. Lakini kutangaza si kulipa.

Kinachoniuma katika habari hii ni sababu yake. Wengi wa rika la huyu muuguzi wa pili walikataa uraia wa Marekani kwa kuipenda Kenya. Katiba ya zamani haikuruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, nao hawakutaka kuitupa pasipoti yao. Kisha ikaja Katiba ya Agosti 2010. Kifungu cha 16 kinasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine, na kifungu cha 14 kikawafungulia waliokwisha kuupoteza waurudishe kwa kuomba. Mlango umefunguka tangu mwaka ule, na wapo ambao hakuna aliyewaambia. Wanarudi na kadi mkononi, wanaikabidhi kwa adabu, na makato yanaanza. Kwa hiyo wenye ndugu Dallas, Minneapolis, Boston: leo usiku pigeni simu. Waulizeni wana karatasi gani.

Na hapa naisemesha serikali yetu, kwa heshima. Misri ina mkataba na Marekani, na mstaafu anayekaa Cairo hupokea pensheni hii bila makato hayo. Kenya ina maelfu ya watu wake waliozeeka katika wodi za Marekani wakiwatunza wazee wa watu. Mkataba kama huo kwetu ungekuwa mkate mezani, kila mwezi.

Nije Uingereza, kwa sababu wengi ukumbini mna mtu huko.

Pensheni ya taifa ya Uingereza huhitaji angalau miaka kumi ya michango, na thelathini na mitano kuipata kamili kwa utaratibu ulioanza Aprili 2016. Wakati ule kiwango kamili kilikuwa pauni 155.65 kwa wiki. Aprili 2025 kilifika pauni 230.25. Upande wa ushuru, mtu mwenye haki ya kiwango kisichotozwa, pauni 12,570 kwa mwaka, akiwa na pensheni hiyo peke yake hafiki, kwani 230.25 mara wiki 52 ni pauni 11,973. Ni pensheni ya pili, ile ya kazini, inayomvusha mstari. Mpaka hapo hakuna la kutisha.

La kutisha liko kwingine, na wala haliitwi ushuru. Ukihamia Kenya, pensheni hiyo hugandishwa. Kiwango ulichoanza kulipwa hapa, au ulichokuwa nacho ulipohama, ndicho utakachozikwa nacho. Aliyestaafu na kuja Kisauni mwaka 2016 na kiwango kamili, mwaka 2025 alikuwa bado anapokea pauni 155.65, na mwenzake aliyebaki Birmingham 230.25. Tofauti ni pauni 74.60 kila wiki, karibu pauni 3,880 kwa mwaka. Bei ya unga haikugandishwa. Dawa za presha hazikugandishwa.

Na laiti ingekuwa kanuni kwa kila aliyehama, tungesema ni sheria kali lakini ya wote. Sivyo. Aliyehamia Mauritius, kisiwa cha bahari hii hii yetu, anaongezewa kila mwaka. Aliyehamia Ufilipino anaongezewa. Aliyehamia Marekani anaongezewa. Sisi hatuongezewi kwa kuwa hakuna makubaliano kati ya serikali mbili yanayosema hivyo. Zaidi ya wastaafu 400,000 duniani wako katika hali hii. Bi Annette Carson, aliyehamia Afrika Kusini, pamoja na wenzake kumi na wawili walilipeleka jambo hili Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Machi 2010 wakashindwa, majaji 11 dhidi ya 6. Mahakama ilisema haikuwa ubaguzi. Nami nasema ni dhuluma: michango ilikatwa sawa kutoka kwenye hati ya mshahara ya kila mmoja, na hakuna mwajiri aliyemwambia mfanyakazi kwamba wiki zake zitapimwa kwa ramani.

Kwa nini naliingiza katika hotuba ya ushuru? Kwa sababu anayepanga kurudi lazima apange na vyote viwili pamoja. Ukihesabu ushuru peke yake utaona Mombasa ni nafuu. Ukitia na kuganda, kwa miaka kumi na tano au ishirini ya uhai, hesabu inabadilika sura. Simkatazi mtu kurudi. Mimi mwenyewe sibadilishi upepo wa kaskazi kwa kitu chochote. Nataka arudi akiwa ameona namba zote.

Ujerumani nimewagusia kwa habari ya mjomba. Tangu mwaka 2005 pensheni za huko zilianza kutozwa ushuru kwa hatua, kulingana na mwaka ulioanza kulipwa. Walioanza 2005 hutozwa juu ya nusu yake. Aliyeanza 2015, juu ya asilimia 70. Aliyeanza 2025, asilimia 83.5. Ile sehemu isiyotozwa huwekwa kama kiasi maalum cha pesa kisichobadilika, kwa hivyo nyongeza zote za baadaye huingia katika ushuru. Mkaazi wa Ujerumani ana kiwango cha chini ambacho hakiguswi. Anayekaa nje, kwa kawaida hana, ila aombe kuhesabiwa kama mkaazi, na apewe akionyesha kwamba karibu mapato yake yote, asilimia 90, ni ya Ujerumani, au kwamba ya nje ni madogo. Haki hii haimjii mtu kitandani. Huombwa kwa fomu. Sasa mnaona uzito wa ile barua iliyolala kwenye bati. Fomu ya namna hiyo, pamoja na mkataba, ndiyo ngao ya mstaafu.

Wa Ghuba niwaeleze kwa ufupi, kwa sababu habari yao ni fupi na ya uchungu. Kwa Mkenya aliyefanya kazi Dubai, malipo ya mwisho ni kiinua mgongo: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Huko ushuru wa mshahara haupo. Dada zetu wa kazi za nyumbani wako chini ya sheria nyingine, na mara nyingi huja na sanduku tu. Kwao ushauri wangu ni mmoja: mkataba wa kazi, hati za malipo na mihuri ya pasipoti visitupwe, kwa maana pesa ikiingia benki ya hapa na ukaulizwa imetoka wapi, karatasi ndizo zitakazosema. Oman, ambako nusu ya Mji wa Kale ina mashangazi, imetunga sheria ya ushuru wa mapato ya watu binafsi itakayoanza 2028: asilimia 5 ya kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka. Ni wachache kati yetu watakaofikiwa, lakini yaonyesha Ghuba nayo inabadilika.

Sasa tuingie kwetu. Tulipe ushuru, tujitegemee, ndivyo KRA wanavyotuambia. Kenya huuliza kwanza kama wewe ni mkaazi. Ukiwa na makao ya kudumu hapa, hata ukikanyaga nchi siku moja tu katika mwaka, wewe ni mkaazi. Kama huna makao, siku 183 katika mwaka hukufanya mkaazi; na hata chini ya hapo, ukiwa hapa mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122, wewe ni mkaazi. Wale wa miezi minne huku, minane Manchester, sikieni hilo vizuri, hasa mliojenga.

Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, hutoza mapato yaliyopatikana Kenya au yaliyotokana na Kenya, na kifungu cha 8 ndicho kinachohusu pensheni. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, pensheni inayolipwa na mifuko iliyosajiliwa hapa kwa aliyefika umri wa kustaafu imesamehewa ushuru. Nimewasikia watu wakisema barazani: basi pensheni zote zimesamehewa. Hapana. Msamaha ule umeandikwa kwa mifuko iliyosajiliwa hapa. Ya ng'ambo ina maswali yake: ulifanyia kazi wapi, nani analipa, mkataba unasemaje. Kaa na mtaalamu, kisha mwandikie Kamishna chini ya Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 uombe uamuzi kuhusu hali yako. Ukimweleza yote kwa ukweli, jibu lake la maandishi humfunga yeye. Karatasi hiyo ina thamani kuliko maneno ya watu kumi wa barazani, mimi nikiwa mmoja wao. Na ombeni cheti cha ukaazi wa kiushuru kutoka KRA, kwa sababu ndicho nchi za nje hukitaka kabla ya kukubali mkataba.

Kuna jambo lazima niliseme kwa sauti. Wanazunguka watu wanaowaambia wastaafu: nitakutolea pensheni yako ya Uingereza yote kwa mkupuo, ununue nyumba Nyali. Tangu Machi 2017, uhamisho mwingi wa pensheni kwenda mifuko ya nje hukatwa asilimia 25 papo hapo. Na pesa ikitolewa kinyume cha kanuni, kabla ya umri, ushuru wake unaweza kufika asilimia 55. Anayekuhimiza atachukua ada yake na kuondoka. Barua ya kudai ile asilimia 55 itakufuata wewe, na mara nyingi itakupata pesa imeshaisha katika msingi wa nyumba. Nimemwona mtu aliyepatwa na hili. Alikuwa mwalimu, mtu makini, na alilia mbele ya wanawe.

Na kina mama, hili ni lenu. Mifuko ya nje hutuma fomu ya kuthibitisha kwamba mstaafu yu hai. Isiporudi, malipo husimama. Mstaafu akifariki, mfuko uarifiwe upesi, hata kabla ya arobaini, kwa sababu kila pesa itakayoingia baada ya kifo itadaiwa irudishwe, na deni hilo humkuta mjane akiwa eda. Mkishaarifu, ombeni pensheni ya mjane kwa maandishi, na muambatishe cheti cha ndoa. Wengi wetu tumeolewa kwa kadhi na vyeti viko kwa baba. Kavitafuteni wiki hii.

Nimemaliza niliyokuja nayo. Nimeweka meza pale karibu na mlango, na kijana wangu ana mashine ya kunakili. Nitakaa mpaka adhana ya magharibi. Aliyekuja na barua asione haya, hata kama bahasha haijafunguliwa tangu mwaka juzi. Tuanze na bibi mwenye buibui aliyeshika bahasha ya kahawia, yule wa safu ya tatu; amefika tangu saa nane, na nimeona amekuja na bati lake.